Baridi ya Mlimani

Mimi fundi wa majokofu, Mtaa wa Narung'ombe.
Baridi naijua kwa vidole:
ya soda, ya samaki, ya chanjo za watoto,
na mara moja, Temeke, ya maiti;
pesa ile niliipokea bila kuihesabu.
Nilidhani hapo ndipo inapokoma.

Kokusima akaja na begi mgongoni.
"Mzee Pazi, njoo Mlimani. Kompresa inakohoa,
nami nataka nyuzi nne juu ya sifuri."
Nikacheka. Nne? Hata friji la mama ntilie linafika.
"Si sifuri hiyo. Sifuri ya mwisho,
ile ambayo chini yake hakuna kitu."

Chumba kidogo, feni limekatika bawa,
joto la Februari limebandika shati mgongoni.
Alichukua makaa ya penseli,
akayabandua kwa selotepu, akabandua tena, tena,
hadi likabaki pazia la unene wa chembe moja.
"Liko wapi?"
"Hapo."
"Mbona silioni?"
"Ukiliona, limezidi unene."

Ndiyo grafini. Umeme humo hukimbia,
lakini bado hujikwaa, hulipa ushuru kwa joto.
Ipo metali, alisema, ikibanwa na baridi
husahau kabisa kukinza.
Ukiiweka kushoto na kulia kwa grafini,
tabia inavuka.
Nikamwambia: kaa karibu na waridi, utanukia.
"Ndiyo, lakini wagusane kweli, Mzee.
Vumbi kidogo tu, harufu haivuki."

"Metali gani hiyo?"
"Risasi."

Nikafungua kisanduku changu.
Koili ile ile ya kulehemu, miaka thelathini na miwili
naiyeyusha kutwa, inadondoka mezani kama machozi ya fedha,
wala sikuwahi kuiuliza inaficha nini.

Alhamisi usiku tukaanza kushusha.
Nilikuwa nimeziba nati iliyokuwa ikitorosha heli
(heli ghali, akanung'unika, tunaiagiza kwa meli,
na nyingine imelala chini ya Rukwa).
Mia mbili. Themanini. Ishirini.
Tukala mihogo ya kukaanga kwenye gazeti.
Kumi na moja —
umeme ukakatika.

Giza Mlimani kote. Vyura.
Namba zikapanda kama riba.
Kokusima hakusema neno;
nilimsikia tu akitafuna kucha.

Ulirudi saa nane. Tukaanza upya.
Karibu na alfajiri, kwenye saba nukta moja,
mstari uliokuwa ukishuka kama mzee ngazini
ukaanguka.
Nikaruka. Akanishika mkono:
"Hiyo ni risasi yako. Grafini bado."
Tukangoja. Sita. Tano na nusu.
Kwenye nne nukta nane ukaanguka tena,
safari hii hadi sakafuni, ukalala hapo.

Kidole kimoja hakivunji chawa:
chembe za umeme, zilizozoea kusukumana,
zilikuwa zimeshikana mbili mbili
zinavuka pazia lile
bila mtu kuziuliza kitambulisho.

Aliandika daftarini, akafuta, akaandika.
"Usimwambie mtu. Turudie mara tatu kwanza."

Nikatembea hadi Mwenge kukipambazuka.
Nyaya zinavuma juu ya nguzo,
transfoma inatoa ile harufu niijuayo.
Nikawaza: ukinzani ndio ulionilisha.
Mota zilizoungua, nyaya zilizochemka,
ada za shule za wanangu wanne.
Jiji zima likiambukizwa tabia ile, mimi nitakula wapi?

Saa tatu asubuhi nikawasha pasi ya kulehemu.
Koili ikakaribia ncha,
nikasita,
kama anayemwamsha mtu aliyetoka zamu ya usiku.
"Mzee," mteja akasema, "samaki wangu wanaoza."